Dawa ya Kifua

Siku ya mnada Katesh watu hawaangaliani usoni. Wanaangalia pembe, kwato na migongo, na mtu anaweza kupishana na ndugu yake wa tumbo moja asimwone, ila ng'ombe wa ndugu yake atamwona. Kwa hiyo usimlaumu Octavian Sulle kwa kutomwona Evelyne mpaka aliposimama mbele ya meza yake.

Octavian alikuwa afisa mifugo, kijana wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Tlawi kule juu Mbulu. Asubuhi hiyo ya mwezi wa tatu alikuwa amekaa chini ya turubai, koti la kijani limejaa vumbi, mabuti ya mpira hadi magotini, akiandika vibali vya kusafirisha mifugo. Mbele yake ilijipanga foleni ya wanaume wenye fimbo na mablanketi mabegani. Katikati yao alikuwepo dada mmoja mwembamba aliyevaa gauni la kitenge cha bluu, sweta jeupe, na raba nyeupe ambazo mtu mwenye akili zake hazileti mnadani. Mkononi alishika kapu lililofunikwa kanga.

"Ng'ombe wangapi?" Octavian akauliza bila kuinua kichwa.

"Mmoja. Yumo humu."

Foleni ikaangua kicheko. Mzee mmoja akasema huyo ndama kazaliwa kabla ya siku zake. Octavian akafunua kanga, akakutana na macho mawili ya njano. Alikuwa paka wa kijivu, sikio moja limechanika, anavuta pumzi kwa mlio wa mlango usiotiwa mafuta. Naye akacheka. Kicheko hicho alikuja kukijutia, maana alipoinua kichwa alimkuta yule dada anamtazama, machozi yamemlenga lakini shingo imenyooka.

"Cheka umalize," akamwambia. "Halafu uniambie anaumwa nini."

Octavian alikuwa amezalisha ng'ombe kwenye mvua, amechanja mbuzi wa Masakta yote, ameshona matumbo yaliyopasuliwa na pembe. Paka hakuwahi kumgusa. Chuoni paka walifundishwa siku moja tu, na siku hiyo yeye alikuwa kitandani na malaria. Akaamua kusema ukweli.

"Mwalimu, sijui. Sijawahi kutibu paka hata mmoja." Kwamba ni mwalimu aliliona kwenye mkono wa sweta, ulikuwa umejaa chaki.

"Basi anza na huyu."

Akaanza. Aliacha foleni ikinung'unika, akampigia simu Severina, mwanafunzi mwenzake wa zamani aliyekuwa akitibu mbwa na paka wa mjini Arusha. Severina alicheka mpaka salio likataka kwisha, kisha akawa makini. Akataka simu iwekwe kwenye mbavu za paka asikilize. Akasema hiyo ni pumu, au ndugu yake pumu. Atumie vidonge vya predinisoloni kila siku, huenda maisha yake yote. Akaonya kwamba dawa hiyo ikijenga huku inabomoa kule: atakula sana, atakunywa sana, atakojoa sana, na ole wenu mkiikatisha ghafla. Sasa dozi inataka uzito, na Octavian uzito wa ng'ombe huupima kwa kamba kifuani. Wakaenda kwa muuza maharage, wakampima paka pamoja na kapu, kisha kapu peke yake. Evelyne akatoa hesabu kichwani kabla mshale haujatulia. Kilo tatu na robo.

Wakati wakipima ndipo Octavian alipoijua habari yenyewe. Evelyne Ngonyani alikuwa mwalimu wa hisabati, mwenyeji wa Songea. Rafiki yake mkubwa Katesh alikuwa mwalimu mwenzake, Judica. Desemba iliyopita, Mlima Hanang uliposhusha tope juu ya Katesh, Judica alikuwa ndani ya nyumba yake. Siku ya tisa waliokuwa wakifukua walimkuta paka wake juu ya kabati, tope mwili mzima, macho tu ndiyo yaliyobaki safi. Judica ndiye aliyempa jina la Mkaguzi, kwa sababu aliingia nyumba za watu bila hodi na kukagua kila sufuria. Evelyne hakuwa mpenda paka. Lakini alimpenda Judica, na katika vitu vyote vya Judica hakuna kingine kilichotoka kizima.

Octavian akaenda nyumbani kwa Evelyne baada ya siku tatu kumwangalia mgonjwa. Akaenda tena Jumapili kuangalia kama alivyoangalia mwanzo ndivyo. Wiki ya tatu alikuwa amenunua shati jipya la mistari kwa ajili ya kumwangalia paka, na wenzake ofisini wakamwambia wazi kwamba huyo paka ana bahati. Pumzi za Mkaguzi zililainika. Ule mlio wa mlango ukaisha. Mengine aliyoyasema Severina nayo yakaja, hayakupungua hata moja.

"Dokta wa ng'ombe," Evelyne alimpigia simu jioni moja.

"Naam, Mwalimu."

"Mgonjwa wako amemaliza maharage yangu. Sufuria ameiramba, sina haja ya kuosha."

"Ni dawa hiyo, mpenzi."

"Na dagaa wa wiki nzima?"

"Nayo dawa."

"Na amekojolea mitihani ya kidato cha pili."

"Hiyo pia ni dawa, ila pole."

"Nimewaambia wanafunzi ilinyeshewa. Octavian, huu ni mwezi wa sita. Nani amewahi kuona mvua Katesh mwezi wa sita?" Wakacheka wote wawili, na Octavian akabaki ameshika simu muda mrefu baada ya kukatika.

Walikuwa wamependana, mambo ya kuzungukazunguka ya nini. Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mwezi wa kwanza, siku zile alipokuwa hawezi kuutazama Mlima Hanang bila kutetemeka, Evelyne aliomba uhamisho. Mwezi wa sita barua ikafika: aripoti Songea kabla ya Septemba mosi. Alimwonyesha Octavian barua hiyo jikoni, Mkaguzi akiwa amelala juu ya mapaja yake, mzito, tumbo la mviringo.

"Utaenda?" Octavian akauliza, na sauti yake mwenyewe hakuipenda.

"Na huyu nimpeleke vipi? Siku mbili ndani ya basi, vumbi, baridi ya Makambako. Kifua chake hakifiki hata Singida." Akamkuna paka shingoni. "Akipona kabisa, nitaenda. Asipopona, nitaandika barua ya kuomba nibakishwe."

Jumapili iliyofuata Octavian alipiga magoti kanisani akasali sala ambayo hajamwambia padri hadi leo. Alimwomba Mungu paka yule asife, lakini asipone sana.

Mwezi wa saba baridi ikashuka, na Evelyne akashikwa na kikohozi cha kukaba. Mama yake Octavian, Mama Paskalina, alipopata habari alituma kutoka Tlawi shada la vitunguu swaumu vya shambani kwake, vikubwa, vimesukwa kwa majani yake. Octavian akavitundika kwenye msumari juu ya jiko la mkaa. "Mama anasema hii ndiyo dawa ya kifua," akasema. "Anasema hakijazaliwa kifua cha kuishinda." Evelyne akavigusa kama mtu anayegusa mkono wa mkwe. Hakuna zawadi ya Octavian iliyomfurahisha kupita hiyo.

Kikohozi kikapungua. Mwezi wa nane ukaingia, na Mkaguzi akaacha kukagua.

Kwanza alikuwa akilala sana. Kisha akawa anatoka kwenye sanduku lake hadi bakulini kwa kituo, hatua tatu anakaa, hatua mbili anakaa. Octavian akamwinua mdomo akaona fizi zimekuwa nyeupe, na asubuhi moja mkojo wake sakafuni ulikuwa rangi ya chai isiyo na maziwa. Katika kazi yake mkojo mwekundu ni ugonjwa wa kupe. Alimchambua paka yule unyoya kwa unyoya kwa saa nzima, hakupata hata kupe mmoja. Akampigia Severina. Severina akasema damu inaharibika mwilini, na kujua kinachoiharibu inatakiwa kupimwa, na kupimwa ni Arusha. Lakini Mkaguzi hakuweza kusimama, sembuse kusafiri. Octavian alikuwa na kabati zima la dawa ofisini, za ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku, na ndani yake hamkuwa na hata moja ya kumsaidia mnyama huyu mmoja. Alijiona mjinga kuliko siku aliyozaliwa.

"Ni vidonge vyako?" Evelyne akauliza. Alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Inawezekana."

"Inawezekana, au ndivyo?"

"Sijui, Evelyne."

"Siku ile mnadani uliposema hujui, nilikuamini kwa sababu hiyo. Leo neno hilo silitaki." Kisha akasema lililokuwa limemkaa rohoni. "Au hutaki apone? Maana nilikuambia mwenyewe, akipona nitaenda."

Mwanaume mwingine angeapa kwa majina yote ya watakatifu. Octavian alikumbuka sala yake, akatazama mabuti yake. Evelyne akayasoma macho hayo anavyoyasoma mtu mwenye uchungu.

"Toka," akasema taratibu. "Toka, Octavian, usirudi na mabuti yako humu ndani."

Akatoka. Alimwandikia ujumbe mmoja tu, kwamba asikatishe vidonge ghafla. Hakujibiwa. Akipiga, simu inakatwa. Siku nne alipita njia ya mbali kwenda ofisini asipite mbele ya nyumba ile, na siku nne chakula kilimshinda.

Jumamosi akapanda pikipiki kwenda kwao Tlawi, kwa kuwa mtu akishindwa kila mahali hurudi kwa mama yake. Alimkuta mama yake na majirani wanachambua vitunguu swaumu uani, vizuri huku, vibovu kule. "Shikamoo mama," akasema. Mama Paskalina akaitikia marahaba, akamtazama usoni, akaona. Alibeba karai la vitunguu vibovu. Octavian akalipokea, akaelekea nalo zizini, kama mtu yeyote anayewapelekea ng'ombe makapi.

"Wee, si huko. Mwaga shimoni."

"Kwa nini mama? Si wale tu?"

"Umesoma mpaka ukasahau kwenu? Mtamba wa baba yako, yule mwekundu, alikufa na nini? Alivunja ghala usiku akala vitunguu mpaka akatosheka. Baada ya siku chache anakojoa rangi ya chai ya mkandaa, fizi nyeupe. Wewe ulikuwa unalia unamshika mkia."

Karai likamtoka mkononi. Ng'ombe mzima. Na Mkaguzi siku ya mnada alikuwa kilo tatu na robo. Aliliona lile shada juu ya jiko la mkaa, akajisikia mwenyewe akisema, hii ndiyo dawa ya kifua. Wala hakuhitaji kuambiwa Evelyne alifanya nini. Mwanamke anayempenda mgonjwa mwenye kifua, ukimpa dawa ya kifua, utadhani ataila peke yake?

Akapanda kwenye kilima chenye mtandao. Akampigia Evelyne, simu ikakatwa. Akaandika ujumbe mrefu wenye kila kitu, kidole kikafika kwenye kutuma, kikasita. Aliwaza Evelyne akiusoma peke yake jikoni, na paka pale, na shada pale. Angesafishika yeye Octavian, vidonge vyake vingeonekana havina kosa, na binti wa watu angebaki ameshika kisu cha kukatia kitunguu. Akafuta vyote. Akaandika: *Nakuomba usimpe Mkaguzi chakula chochote mpaka nifike. Maji tu. Nakuja.*

Aliteremka mpaka Dareda, akaipita Mogitu bila kuona kushoto wala kulia, na saa kumi na moja jioni alikuwa mlangoni. Mabuti aliyavua nje. Evelyne alifungua, kanga imefungwa kifuani, nywele hazijachanwa, naye hakusema karibu wala hakusema toka. Mkaguzi alikuwa sandukuni, amefunikwa lile sweta jeupe. Mkia tu ndio uliotikisika.

Njiani Octavian alikuwa amepanga uongo, na alikuja akiuamini.

"Ulisema kweli," akamwambia. "Ni vidonge vyangu. Nilikosea dozi. Lawama ni yangu yote." Na wakati anasema hayo akapita kama hana habari, akalitungua shada kwenye msumari, akalikunja kwenye koti lake. Shada lilikuwa limebaki na vitunguu vitatu.

Kumbe anamdanganya mwalimu wa hisabati.

"Kama ni vidonge," Evelyne akasema, "mbona unachukua vitunguu?"

Octavian alisimama pale jikoni na soksi zake, ameshika koti, uso umemsaliti. Akamwona Evelyne anatazama msumari mtupu, kisha bakuli la paka, kisha mikono yake mwenyewe.

"Nusu punje asubuhi," akasema polepole. "Nusu jioni. Nilikuwa naiponda vizuri nachanganya na dagaa ili asiisikie. Tangu tarehe kumi na mbili ya mwezi wa saba." Midomo ikaendelea kuhesabu bila sauti. "Siku ishirini na tisa. Octavian, nimempa siku ishirini na tisa. Sikuruka hata moja."

Akaanguka chini pale pale, akalia kilio ambacho alikuwa hajakilia tangu Desemba. Octavian akakaa sakafuni karibu naye.

"Nisikilize. Paka mzima hali kitunguu swaumu hata umpigie magoti. Huyu alikula kwa sababu vidonge vyangu vilimpa njaa ya kula kila kitu. Mimi nilivileta. Mimi nilitamka ni dawa. Miezi yote hii sikukuuliza hata mara moja anakula nini, na kwa ng'ombe hilo ndilo swali langu la kwanza. Hesabu hiyo si yako peke yako."

Kisha, kwa kuwa uongo ulikuwa umemshinda, akamwambia na ile sala. Evelyne alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumfukuza. Alimwegemea begani, na wote wawili wakamtazama paka.

Severina, kwenye simu, hakuwa na muujiza. Alisema wampe joto, maji, na kidonge kile kile; damu mpya itengenezwe na mwili wenyewe, ikiwahi. Kwa hiyo wakangoja. Hakuna kazi ngumu kama hiyo. Walimdondoshea maji kwa sirinji ya kuchanjia kuku, walimbadilishia chupa za maji ya moto, na kila asubuhi Evelyne aliinua mdomo wake kutazama fizi, na kila asubuhi alisema labda leo kuna rangi kidogo. Octavian alisema labda. Ilikuwa nyeupe vile vile. Siku ya tatu, saa nne, jua likiwa limeingia mpaka sandukuni, Mkaguzi aliinuka kwa miguu ya mbele, akanyoosha shingo kuelekea kwenye sufuria iliyokuwa jikoni, akaikagua kwa mbali. Kisha akalala, na mbavu zikatulia.

Walimzika nyuma ya nyumba, ndani ya lile kapu. Mama Paskalina alipiga simu kutoka Tlawi akatoa pole kama anavyopewa mtu aliyefiwa na mtu, akalia, akasema kitunguu kile kilitoka mkononi mwake na hatatuma kingine tena. Evelyne akampa Octavian simu.

Ikabaki wiki moja ya Agosti. Sasa hapakuwa na kifua cha kusingizia. Octavian alikuja na kamba, akafunga maboksi ya vitabu kwa fundo analofungia ndama. Boksi la kwanza, la pili, la tatu. Evelyne alikuwa amekaa juu ya kitanda kisicho na shuka, amevaa lile gauni la bluu.

"Huna la kuniambia?"

"Sijui." Akajishika. "Sijui kama nina haki ya kukuomba usiende."

"Omba basi. Nikikataa, nikatae mwenyewe."

Octavian akaiacha kamba. "Usiende, Evelyne. Nakupenda. Nataka nikuoe."

Evelyne alitazama dirishani, na mlima ulikuwepo pale, mzima, na safari hii aliutazama muda mrefu. "Nitaenda," akasema, na moyo wa Octavian ukashuka mpaka kwenye soksi. "Nitaenda nikae na mama yangu nilie nimalize, maana hapa sijalia vya kutosha. Ila mtu haombi binti wa watu ndani ya chumba chenye maboksi. Songea kuna nyumba ya baba yangu, na mlango wake unabishwa hodi na wazee. Mje Desemba. Mama Paskalina aje mwenyewe."

"Atakuja. Atauliza abebe nini."

Evelyne akakohoa kidogo, mkono kifuani. Akainuka, akaokota kamba, akamrudishia mkononi.

"Mwambie abebe vitunguu swaumu," akasema. "Kifua changu bado hakijapona."